Umepata mzinga mdogo wa kale? Hakikisha uko mtupu kabla ya yote

Ukiwa na mzinga mdogo wa zamani, uwe umeurithi kwa babu, umeununua duka la antiki pale Mji Mkongwe au umeukuta kwa muuza skrepa, najua maswali mawili yanayokuja haraka ni unauzwa bei gani na unasafishwa na nini. Yaweke pembeni yote mawili. Swali la kwanza ni je, ndani kuna kitu? Na mpaka upate jibu lake huo mzinga uhesabu umepakiwa, hata kama una urefu wa kiganja na watoto wa nyumba hiyo wameuchezea miaka yote.

Kuwa mdogo hakuufanyi mzinga uwe toi. Ipo mizinga ya urefu wa mkono iliyofungwa pembeni mwa vyombo vya baharini na ilikuwa inapiga risasi za kweli, ipo ya salamu na ishara ambayo ilipigwa baruti bila risasi, na ukiitazama kwa nje huwezi kujua kama mtu wa mwisho aliyeipakia aliifyatua au aliiacha hivyohivyo akaenda zake. Na baruti nyeusi ya zamani haina tarehe ya kuisha. Ni shura (ile chumvi ya nitreti), mkaa na salfa, kwa kawaida sehemu 75 za shura, 15 za mkaa na 10 za salfa, na hiyo shura ndiyo inabeba oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo hata ikishindiliwa ndani ya chuma kisichopitisha hewa kwa miaka mia mbili bado inaweza kuwaka ikipata cheche, alimradi iko kavu.

Mfano mzuri ni wa New York. Kuna mzinga wa meli ya kivita ya Waingereza HMS Hussar iliyozama mwaka 1780, uliishia kuwa mali ya bustani ya Central Park, watu wamepita karibu nao miaka na miaka. Januari 2013 wafanyakazi wakawa wanausafisha kutu, wakakuta ndani kuna risasi yake, kizibo chake, na baruti kama gramu 800. Polisi wakaitwa kuitoa. Hapo hakuna aliyeumia, lakini mwaka 2008 huko Virginia mkusanyaji mzoefu kabisa wa vitu vya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani aliuawa na kombora la miaka ya 1860 alilokuwa analisafisha nyumbani kwake. Huyo alikuwa mtu wa kazi hiyo, sio mgeni, ndiyo maana nasisitiza hivi.

Kabla hujaugusa sana

Watoe watoto chumbani, zima sigara, udi na chetezo, zima jiko. Uweke mzinga juu ya kitu kisichoyumba, kwa mfano sakafuni juu ya gunia au tambara nene, mdomo uelekee ukuta mnene au rundo la mchanga, sio mlangoni na sio kwa jirani. Wewe kaa ubavuni. Usichungulie mdomoni hata kwa sekunde moja, ukitaka kuona ndani nyoosha mkono wenye simu, washa taa ya simu, piga picha halafu angalia picha. Na nyuma pia usisimame, kile kitundu kidogo cha juu karibu na mwisho wa mtutu, kitundu cha utambi, mzinga ukiwaka hutoa moto hapohapo.

Usitumie drili, grenda, msasa wa umeme, burashi ya waya, nyundo, wala usimpelekee fundi wa kuchomelea akufungulie kitu chochote. Kizibo cha mbao kikiwa mdomoni na hakitoki kwa vidole, kiache. Usimwage mafuta ya taa wala petroli eti kulainisha kutu. Kitundu cha utambi kikiwa kimeziba usikichokonoe na msumari, hapo ndipo baruti inapokaa karibu kabisa na ncha yako.

Kupima kina, hii ndiyo kazi yenyewe

Unahitaji ufito wa mbao ulionyooka, mwembamba kuliko tundu la mtutu, na kalamu. Usitumie nondo wala waya wa chuma, chuma kwa chuma kinatoa cheche. Kwa ile midogo kabisa ambayo tundu lake halifiki sentimita moja, kijiti cha mishkaki kinatosha, kata ile ncha kali kwanza ibaki butu.

Ukae ubavuni, ingiza ufito taratibu kwa vidole viwili mpaka uguse mwisho. Usisukume kwa nguvu, usigonge, vidole viuongoze tu na ukikutana na kizuizi usilazimishe. Ukifika weka alama ya kalamu kwenye ufito pale ulipo mdomo wa mzinga. Utoe, halafu ulaze juu ya mzinga kwa nje, ile alama ikae sawa na mdomo, uone ncha ya ufito imefika wapi ukilinganisha na kitundu cha utambi. Mzinga mtupu ncha itafika usawa wa kitundu au itakipita kidogo, kwa sababu kitundu kimetobolewa kiingie mwishoni mwa tundu la mtutu. Ncha ikikomea kabla, kuna kitu.

Tuseme kutoka mdomoni mpaka kwenye kitundu ni sentimita 34. Ufito umeingia 33 na nusu au 34, vizuri, kuna uwezekano mkubwa uko mtupu. Ufito umeingia 27, basi kuna sentimita 7 za kitu fulani mle ndani, na kitu hicho kinaweza kuwa udongo, kiota cha nyigu, tambara, au baruti na risasi juu yake, na kwa kijiti huwezi kutofautisha. Pima mara mbili tatu upate namba ileile. Angalia na ncha ya ufito imetoka na nini, vumbi jeusi linalochafua vidole kama mkaa ni dalili mbaya, ingawa pia linaweza kuwa masizi ya zamani tu.

Kuna mambo mawili yanachanganya hapa. Mizinga mingine tundu linapungua upana kwa nyuma, penye chumba cha baruti, kwa hiyo ufito mnene utakwama mapema wakati hakuna kitu, jaribu na mwembamba zaidi kabla hujapata hofu. Na mapambo mengi ya kisasa tundu lake limetobolewa sentimita chache tu na kitundu cha utambi hakipo kabisa au ni kidoti cha kuchora, hayo ufito utakomea karibu lakini hakuna njia ya moto kufika ndani. Usiamue haraka kwamba ni pambo lakini, kitundu kinaweza kuwa kimezibwa na kutu au rangi.

Ukiwa na wasiwasi, acha palepale. Usiubebe kwenye bodaboda kuupeleka kituoni, piga simu polisi waje wao, 112 kwa Tanzania, 999 au 112 kwa Kenya, waambie wazi ni mzinga wa kale unaoweza kuwa na baruti, wao ndio wanaoita wataalamu wa mabomu. Kuna watu watakwambia mimina maji usiku kucha kesho ukwangue. Ni kweli shura inayeyuka kwenye maji, ila kizibo kilichoshindiliwa miaka mia kinaweza kuzuia maji yasifike nyuma kabisa, na baruti iliyolowa ikikauka inaweza kuwaka tena, kwa hiyo maji yanakupa imani ambayo hujaistahili. Waachie wenye kazi yao.

Kama mzinga wako unafunguka kwa nyuma basi fungua uone kama kuna ganda la risasi. Winchester ya Marekani walitengeneza mzinga mdogo wa ishara wa namna hiyo kuanzia 1903 mpaka miaka ya 1950, unatumia ganda la geji 10, yaani ganda nene la bunduki ya marisawa, ulipendwa sana kwenye boti za mashindano kuanzisha mbio. Ganda ukilikuta na limekwama usilitoe kwa bisibisi.

Sasa ni mzinga wa aina gani?

Ukishahakikisha uko mtupu ndipo raha inaanza. Mizinga midogo inagawanyika kwa kazi iliyofanya. Kuna ya kuzungusha, inakaa juu ya uma wa chuma kwenye ukingo wa chombo, mtu mmoja anaielekeza anapotaka. Ya ukoo huu inayokutwa sana mikononi mwa wakusanyaji ni lantaka, ya shaba, kutoka Brunei, Java, Ufilipino na visiwa vya huko, utaitambua kwa uma wake na bomba tupu nyuma la kuchomekea mpini wa mti, na kule kwao haikuwa silaha tu, ilitolewa mahari na kutumika kama mali ya kubadilishana. Kwa kuwa inapendwa, inaigwa sana, kwa hiyo ukiuziwa lantaka nenda taratibu.

Kuna ya salamu, mifupi na minene, juu ya kigari cha mbao chenye magurudumu manne madogo. Kuna vielelezo, yaani mafundi na vyuo vya jeshi vya Ulaya walitengeneza mizinga kamili kwa vipimo vidogo ili kufundishia au kumwonyesha mfalme, makumbusho ya jeshi pale Paris, Musée de l'Armée, wana mkusanyiko wa hivyo na ukiona ufundi wake utashangaa, kila skurubu ipo. Kuna na ya saa ya jua, naipenda hii kuliko zote: mzinga mdogo umewekewa lenzi juu, saa sita kamili mchana jua linapita kwenye lenzi linachoma baruti kwenye kitundu, mzinga unalia wenyewe. Ule wa Palais-Royal mjini Paris uliwekwa 1786. Na hiyo ikukumbushe usiache mzinga usioujua dirishani kwenye jua karibu na vioo.

Halafu kuna matoi yaliyolia kwa gesi, kama Big-Bang za Marekani za karne ya 20, zinatumia kabaidi, yale mawe ya mafundi wa gesi, na maji. Mwili wake ni chuma chepesi cha kumimina na rangi, na haina kitundu cha utambi bali kidude cha kutoa cheche nyuma.

Uzito na madini, tumia mizani ya jikoni

Anza na sumaku. Ikishika ni chuma. Isiposhika ni shaba ya aina fulani, au zinki au alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Hapa ndipo watu wanapigwa, maana rangi inadanganya ila uzito haudanganyi. Fanya hivi, kwa mzinga ambao umeshauhakikisha mtupu na umeutoa kwenye kigari chake. Upime uzito kavu. Halafu weka chombo cha maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, ufunge mzinga kwa uzi imara uuzamishe wote majini ukining'inia bila kugusa chini wala pembeni, uinamishe hewa yote itoke ndani ya mtutu. Gramu zinazosoma kwenye mizani ndio ujazo wa mzinga kwa mililita. Gawa uzito kavu kwa namba hiyo.

Mfano mzinga wa gramu 4400, mizani ikasoma 500, unapata 8.8. Hiyo ni bronzi, shaba iliyochanganywa na bati, ambayo ndiyo iliyotumika kwa mizinga mizuri. Ikitoka kama 8.5 inaelekea kuwa shaba njano, chuma cha kumimina ni kama 7.2, zinki 7.1, na alumini ni 2.7 tu. Zinki na chuma zinakaribiana lakini sumaku itakutofautishia. Mzinga wa zinki ni pambo, hata uchakae vipi. Wa chuma usiuzamishe kabisa, sumaku imeshakujibu na kutu itakutesa.

Alama, skurubu na uchakavu

Piga picha kila pande kwa mwanga wa kutoka ubavuni, asubuhi karibu na dirisha inafaa, herufi zilizofutika zinajitokeza kwa kivuli. Tafuta juu ya mtutu, kwenye ncha za yale masikio mawili ya pembeni yanayoulaza mzinga kwenye kigari, na kuzunguka kitundu cha utambi.

Mshale mpana wa mistari mitatu ni mali ya serikali ya Uingereza, GR au VR chini ya taji ni wafalme akina George na Malkia Victoria. Moyo uliogawanywa wenye herufi VEIC ni kampuni ya Waingereza ya India Mashariki. VOC zilizoshikana ni kampuni ya Waholanzi, ikiwa na A ni tawi la Amsterdam, na kampuni hiyo ilivunjwa mwisho wa 1799, ila VOC inapigwa mno kwenye mizinga ya bandia kwa hiyo peke yake haitoshi. Ngao yenye vingao vitano ndani ni Ureno, na tufe la pete pete ni nembo iliyopendwa na mfalme Manuel I aliyetawala 1495 mpaka 1521.

Waingereza walichonga na uzito, namba tatu zenye vistari. Ya kwanza zidisha kwa 112, ya pili kwa 28, ya tatu iache, jumlisha, ni ratili. Ukiona 0-1-7 ni ratili 35, karibu kilo 16. Sasa weka mzinga kwenye mizani. Ikisoma kilo 16 umefurahi. Ikisoma kilo 9, aliyechonga alikuwa ananakili namba kutoka mzinga mwingine. Jaribio hili ni la dakika moja na linaangusha bandia nyingi.

Kukiwa na maandishi ya Kiarabu au Kiajemi tafuta mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97 ongeza 622, mwaka 1250 unakupa 1834. Na soma alama zote usiishie kwenye ya kwanza, mizinga ilitekwa na kuandikwa upya. Ile ya shaba iliyokuwa mbele ya Beit al Ajaib Zanzibar ina nembo za Ureno na juu yake maandishi ya Kiajemi, kumbukumbu ya Waajemi kuiteka Hormuz, ngome ya Wareno kwenye Ghuba, mwaka 1622. Mtu angesoma nembo tu angepoteza nusu ya habari.

Kitundu cha utambi kinasema mengi. Mzinga uliopigwa kweli kitundu chake kimeliwa na moto, kimetanuka, hakiko mviringo sawasawa, pengine kimewekewa kizibo cha shaba nyekundu kikatobolewa upya. Kitundu kilichokaa safi kama kimetobolewa jana kwa drili, kwenye mzinga "wa miaka 300", hapana. Angalia pia mstari wa kuungana pande mbili za kalibu unaopita mtutu mzima, uchakavu ulio sawa kila mahali hata kwenye makunyanzi ambayo mkono haufiki, na skurubu za kigari. Skurubu za bisibisi nyota zilipata hataza Marekani 1936, kwa hiyo zikiwepo kigari ni cha baadaye au kimetengenezwa upya, ingawa mtutu wenyewe unaweza kuwa mzee. Vigari vya mbao huoza na kubadilishwa, hilo ni la kawaida.

Usiusugue

Huku pwani shaba tunaisafisha kwa ukwaju au ndimu na mchanga, na kwa sinia la nyumbani ni sawa kabisa. Kwa mzinga wa kale usifanye, asidi inakula ule utando wa kahawia au kijani uliochukua miaka kujijenga na mchanga unafuta alama ambazo ndizo ushahidi wako, na utando ukishaondoka haurudi. Vumbi liondoe kwa burashi laini ya nywele na kitambaa kikavu, basi. Vaa glavu au unawe mikono vizuri, madini ya risasi yapo kwenye bronzi nyingi za zamani na kwenye rangi nyekundu za kale. Ukiona vidoti vya unga wa kijani hafifu vinavyorudi kila ukivifuta, hiyo ni chumvi ya bahari inaitafuna shaba, utenge na vitu vingine, uweke pakavu, mtafute mtu wa makumbusho.

Uliotoka baharini usiukaushe. Chuma kilicholala majini kikikauka chumvi inakipasua vipande vipande, kiweke kwenye pipa la maji huku unatoa taarifa. Na taarifa ni sheria sio hiari: Tanzania bara Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, Kenya sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inaangalia vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Kuuza au kutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Na kwa kuwa ni mtutu unaoweza kufyatua, waulize polisi pia kuhusu sheria ya silaha ya mahali ulipo kabla ya kuununua au kuuhamisha, usije ukakutana na maswali hayo uwanja wa ndege.

Kuupiga, hata baruti kidogo tu siku ya harusi au Idi, usijaribu. Chuma cha kumimina cha zamani kina nyufa usizoziona kwa macho, na pambo la zinki au shaba njano halikutengenezwa kuhimili hata mara moja.

Ukiwa unatuma habari zake makumbusho, Dar es Salaam, Fort Jesus au Zanzibar, tuma picha za pande zote, picha ya kila alama na rula pembeni, urefu wa mtutu, upana wa tundu mdomoni, kina kwa ufito, uzito, jibu la sumaku, na namna ulivyoupata pamoja na majina ya mahali. Kina usikisahau, ndicho watakachokuuliza mwanzo. Uhifadhi juu ya mbao kavu, mbali na ukuta unaotoa unyevu, mdomo umefunikwa na kitambaa chepesi nyigu wasijenge, na uandike kwenye karatasi iliyofungwa kwa uzi tarehe uliyopima na namba ulizopata, ili atakayeukuta baada yako aanzie hapo.